Thamostati Iko Wapi?

Ndani ya injini ya gari, pale hozi nene ya rejeta inapoungana na chuma, hukaa kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Kinaitwa thamostati. Kazi yake ni kufunga njia ya maji injini ikiwa baridi na kuifungua injini ikishapata moto. Katika magari yetu mengi hakina waya wala kompyuta. Kina nta ndani yake. Joto likifika nyuzi 82 hivi, nta inavimba, inasukuma kipini, mlango unafunguka, na maji ya moto yanaenda kwenye rejeta kupoa. Injini ikipoa, nta inanywea na springi inaurudisha mlango mahali pake.

Sasa shuka steji ya Pipeline, uingie Mukuru kwa Njenga, upite kule magari yanakotengenezwa kando ya barabara, kati ya kibanda cha chapati na duka la M-Pesa. Uliza swali moja tu: thamostati ya hili gari iko wapi? Utajibiwa kwa kicheko. "Hiyo tulitoa kitambo, bosi. Hiyo ni ya nchi za baridi."

Nataka tuliketishe chini hilo jibu tuliulize maswali, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo si la magari peke yake. Mtu akikuletea shida, nawe ukaondoa dalili ukaiacha shida yenyewe mahali pake, umemsaidia au umemdanganya? Na kama hana pesa ya kutibu hiyo shida, je, jibu linabadilika?

Tuanze na gari lenyewe, maana huwezi kujua kama fundi ametenda haki bila kujua kwanza ametenda nini.

Kenya hununua magari mengi yaliyokwisha kutumika, mengi yao kutoka Japani, na kanuni ni kwamba gari lililozidi umri wa miaka 8 haliingii. Kwa hivyo gari tunaloliita jipya hapa Nairobi mara nyingi limeshamtumikia mtu mwingine miaka saba. Likifika mikononi mwa dere wa Mukuru, limepitia kwa mwenye kwanza wa Nairobi, wa pili, pengine wa nne. Kila mmoja amelifanyia kitu. Kila mmoja amelipeleka kwa fundi wake.

Lilipotoka kiwandani lilikuwa na kulanti, yale maji ya rangi nyekundu au kijani. Hapa mtaani inasemekana kulanti ni ya kuzuia barafu, na kwa kuwa Nairobi hakuna barafu, basi ni njia ya kumaliza pesa za watu. Lakini kulanti ina kazi nyingine mbili: inazuia kutu, na inafanya maji yachelewe kuchemka. Ikimwagika, mtu anajaza maji. Maji gani? Mtu wa Embakasi hahitaji kuelezwa kuhusu maji ya borehole. Chemsha chai kwa wiki moja tu, utaona ukoko mweupe chini ya sufuria. Ukoko huo huo unajijenga ndani ya rejeta, kwenye vimirija vyembamba ambavyo maji hupita ili yapoe. Mirija inaziba mmoja mmoja. Gari linaanza kupata moto.

Halafu kuna suala la mwinuko. Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta si kifuniko tu. Kina springi na mpira vinavyoshikilia presha ndani, na presha hiyo inayapa maji nafasi ya kupanda nyuzi 20 hivi zaidi kabla hayajachemka. Mpira ukikauka, presha inatoroka, gari linachemka mapema. Kifuniko ni spea ya bei nafuu. Lakini ni nani huanza na kifuniko?

Fundi mwenye haraka huanza na thamostati, na si kwamba hana sababu. Kifaa hicho huzeeka, na kikikwama kikiwa kimefunga, kweli gari litachemka. Akikitoa, maji yanazunguka bila kizuizi tangu ufunguo unapogeuzwa. Mshale unashuka. Mwenye gari anaona kwa macho yake. Kazi ya nusu saa, hakuna spea ya kufuata Kirinyaga Road, na kila mtu anaenda nyumbani akiwa na furaha.

Bei inalipwa baadaye, kidogo kidogo. Injini isiyofikia joto lake hufanya kazi kana kwamba ndiyo kwanza imeamka, kwa hivyo inakunywa petroli zaidi na chuma kinalika mapema. Katika injini nyingine, thamostati hufunga pia njia ya pembeni ambayo maji hupita injini ikiwa baridi. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuionja rejeta. Gari lililoonekana limepona kwenye msongamano wa Outer Ring linaweza kuchemka vibaya zaidi likipanda mlima na mzigo. Na ile rejeta iliyoziba kwa ukoko? Bado imeziba. Hakuna aliyeigusa.

*

Ndani ya gari kuna shahidi ambaye watu wa Nairobi hawamwiti atoe ushahidi. Ni hita.

Hita ya gari haifanani na ile ya kuogea. Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji yale yale ya moto ya injini hupita ndani yake, na feni inapuliza hewa juu yake kukuletea miguuni. Kwa hivyo hita inazijua habari za injini. Maji yakipungua, inaweza kupuliza baridi hata kama injini inaungua, kwa sababu maji hayafiki tena pale juu. Hewa ikinaswa kwenye hozi, hita inapuliza moto, kisha baridi, kisha moto. Thamostati ikitolewa, unaweza kuendesha kutoka Imara Daima mpaka katikati ya jiji asubuhi ya Julai, na bado hita inakupulizia Julai ile ile uliyoiacha nje.

Mshale wa dashibodi si shahidi mzuri kama tunavyodhani. Kwenye magari mengi ya siku hizi umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda na kushuka nyuzi kadhaa, ili dereva asihangaike. Magari mengi madogo, kama Vitz, hayana mshale kabisa. Yana taa ya buluu ikiwa injini ni baridi, na taa nyekundu ukiwa tayari umechelewa. Taa hiyo ya buluu ikikataa kuzima mpaka umefika mbali, inakuambia jambo kuhusu thamostati. Maji yakiisha kabisa, sensa ya joto inabaki hewani, na inaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari wakati chuma kinapinda.

Hita nayo huzeeka ikavuja. Zulia la upande wa abiria linalowa, vioo vinashika ukungu, ndani kunanuka utamu-utamu kama bado kuna kulanti. Kuibadilisha mara nyingi ni kung'oa dashibodi nzima, kazi ya siku nzima au zaidi. Kwa hivyo fundi anafanya njia ya mkato: anazichomoa zile hozi mbili zinazoingia ndani, anaziunganisha kwa kipande cha paipu na klipu mbili. Kuvuja kumekwisha. "Hita ya nini na hii joto ya Nairobi?"

Sasa tuseme kuna dere kijana wa kwa Njenga. Gari si lake. Ni la tajiri fulani anayekaa mbali, na kila wiki anampelekea hesabu. Leo amepata kazi nzuri, abiria wanne kutoka Mtito Andei kuja Nairobi. Wamepita Sultan Hamud, wanaipanda milima ya Salama, malori mbele, malori nyuma. Taa nyekundu inawaka.

Huyu kijana si mjinga. Alishafundishwa na madereva wakubwa: gari likianza kuchemka na hapana pa kusimama, zima AC, fungua madirisha, washa hita mpaka mwisho. Hita itanyonya sehemu ya joto la injini, upate dakika chache za kufika mahali salama. Ni ushauri wa kweli, na umeokoa injini nyingi. Anawasha hita. Inapuliza baridi.

Mlango huo ulifungwa miezi sita iliyopita, kwa kipande cha paipu na klipu mbili, mbele ya dereva mwingine aliyekubali na kulipa. Huyu hakuambiwa. Tajiri hakuambiwa. Abiria wanne hawakuambiwa, na hata wazo la kuuliza halikuwajia.

Hapo ndipo lile swali letu linageuka. Mwanzoni lilionekana ni la watu wawili, fundi na mteja. Kumbe ndani ya gari kuna watu wengi zaidi.

*

Kuna majibu mawili ambayo husikika haraka. Yote yana nguvu, na yote hayatoshi.

La kwanza ni la mtu mkali. Anasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na fundi anayeondoa dalili akaacha ugonjwa ni tapeli, basi. Angepaswa kukataa kazi hiyo. Jibu hili lina usafi wake. Lakini mara nyingi hulisikii kutoka kwa mtu ambaye gari lisipotembea leo, leo hakuna chakula. Dere ana shilingi mia tano mfukoni. Rejeta mpya, hata ya mtumba, ni mara nyingi ya hizo. Fundi akimwambia "siligusi hili gari mpaka ulete pesa kamili", amebaki na usafi wake, na dere amebaki na gari lililokufa na kodi ya nyumba inayongoja tarehe tano. Usafi wa fundi umelipiwa na njaa ya mtu mwingine.

La pili ni la mtu mpole. Anasema hali ni ngumu, kila mtu anajipanga, tusimhukumu mtu wa jua kali kwa vipimo vya kampuni zenye gereji za vioo. Hapa kuna mwanafalsafa wetu wa kumkumbuka, Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995. Alishikilia kwamba kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini kabisa cha maisha: usalama wa mwili, afya, na riziki ya kujikimu. Hoja yake haikuwa ya huruma tu. Alisema mtu asipokuwa na kiwango hicho, hawezi kutazamiwa kufikiri na kutenda kikamilifu kama mtu mwenye kuwajibika. Ukimchukua Odera Oruka kwa uzito, huwezi kumwendea fundi anayekula mara moja kwa siku ukaanza kumsomea mashtaka.

Lakini mtu mpole anaruka jambo moja. Kuna vitu umaskini unamnyang'anya mtu, na kuna vitu haumnyang'anyi. Umaskini unaweza kumnyang'anya fundi rejeta mpya, kipimo cha presha, nafasi ya kulilaza gari siku tatu. Haumnyang'anyi sentensi. "Nimetoa thamostati. Rejeta yako imeziba. Hili si tiba." Maneno hayo hayauzwi Kirinyaga Road. Yapo hapa, mdomoni, bure.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kutengeneza kwa muda si kosa. Sehemu kubwa ya maisha ya Nairobi imeshikiliwa na vitu vilivyotengenezwa kwa muda, na kuna akili na ustadi wa hali ya juu katika kulifanya gari litembee leo kwa kipande cha paipu. Kosa linaanza pale kazi ya muda inapokabidhiwa kama tiba. Muuguzi anayekupa dawa ya maumivu ya jino akisema "hii itakupunguzia uchungu, lakini jino bado limeoza" amekutendea haki. Akikupa kidonge kile kile akisema "umepona, nenda", amekudhulumu. Kidonge hakijabadilika.

*

Najua mtaani kuna watu wenye majibu, na majibu yao si ya kupuuza.

Mmoja atasema: mteja mwenyewe hataki kujua. Ni kweli kabisa. Umewahi kusikia mtu akimwambia fundi, "Wewe tengeneza tu, usinitie wasiwasi." Tena ni mtu mzima, gari ni lake, kachagua. Sawa, mtu anaweza kusamehe haki yake mwenyewe ya kujua. Lakini hawezi kusamehe ya mwenzake. Dere wa kwanza aliyekubali hita ifungwe hakuwa na mamlaka ya kukubali kwa niaba ya yule kijana wa Salama, wala kwa abiria, wala kwa yule atakayelinunua gari mwakani baada ya kuoneshwa dashibodi inayong'aa. Ukweli wa gari si mali ya anayelipa leo. Ni wa kila atakayekalia kiti.

Wa pili atasema: fundi akisema ukweli atapoteza mteja, kwa sababu fundi wa pili, hatua kumi mbele, atasema "hii ni kitu kidogo" na atapewa kazi. Hii ndiyo hoja ngumu kuliko zote, na sina njia ya kuipunguza makali. Lakini inatugeukia sisi wengine. Angalia tunavyolipa. Fundi akitumia saa nzima kutafuta shida, aangalie kiwango cha maji injini ikiwa imepoa, akague kifuniko, apapase hozi, asubiri feni iwake, aangalie kama mafuta yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa au kama kuna mapovu yanayopanda kwenye rejeta, maana hizo ni dalili za gasketi ya hedi kuungua, kisha aseme "shida ni hii, na sijaigusa bado", tunamlipa nini? Tunamwambia, "Si umeangalia tu?" Tunaondoka. Kwetu sisi kuangalia ni bure. Tunalipia kilichotolewa au kilichowekwa. Basi tusishangae tukipata watu hodari wa kutoa na kuweka, na wachache wenye subira ya kuangalia. Tumenunua mshale ulioshuka, tukauziwa mshale ulioshuka.

Wa tatu atasema: fundi hadanganyi, hajui tu. Alifundishwa hivyo na aliyemfundisha, naye akafundishwa hivyo. Thamostati hutolewa, ndivyo kazi inavyofanywa. Hapa nakubali zaidi ya nusu. Anayesema asilojua kuwa si kweli hajasema uongo. Lakini kuna kutojua kwa aina mbili. Kuna kule ambako huwezi kukuondoa kwa sababu huna shule wala vifaa. Na kuna kule unakoweza kukuondoa kwa sufuria ya maji. Maana thamostati hupimwa hivyo: unaitia ndani ya sufuria, unaweka jikoni, unatazama. Maji yakikaribia kuchemka, kama nzima, utauona mlango ukifunguka polepole mbele ya macho yako. Isipofunguka, imekufa, na sasa una haki ya kuitupa. Mama wa chapati yuko hapo karibu, moto umewaka. Mtu aliyekataa kutazama sufuria kwa dakika kumi, miaka kumi mfululizo, kutojua kwake kumekuwa nusu uamuzi.

*

Mukuru yenyewe inaujua utengenezaji wa kimyakimya, kwa sababu yenyewe ndiyo mara nyingi imekuwa gari.

Agosti 2017, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la kupangwa upya. Wakazi walikaa vikao mtaa kwa mtaa, wakataja wenyewe kinachovuja: maji, vyoo, mitaro, njia ambazo gari la zimamoto haliwezi kupita, ardhi ambayo kwa sehemu kubwa iko kwenye hati za watu wengine. Ilikuwa kazi ya kuangalia, ile ile ambayo tumesema hailipwi. Baadaye barabara kadhaa zikajengwa. Halafu mwaka 2021, kuanzia Oktoba, matingatinga yakaja kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakabaki wamelala juu ya vifusi vya nyumba zao. Mwaka 2024 mvua za Aprili zikaleta mafuriko, na baada ya mafuriko zikaja amri za watu kuhama kando ya mto, na matingatinga tena.

Ramani na vikao havikulizuia tingatinga. Nisiseme uongo kuhusu hilo. Lakini angalia tofauti ya vitendo viwili. Kimoja kilimkalisha mkazi na kumwambia: shida ni hizi, hizi tutaweza sasa, hizi bado. Kingine kiliondoa nyumba zilizokuwa zikionekana, kama fundi anavyoondoa kile kifaa kinachosumbua, kisha barabara ikaonekana safi kwa anayepita juu ya Expressway. Mshale ulishuka. Watu hawakupoa, walisambaa: Pipeline, Tassia, Kware, chumba kimoja familia mbili. Na maji yaliyokosa mtaro bado yanautafuta.

Kijana aliyekulia katika hali hiyo anajua vizuri jinsi inavyouma mtu akikuamulia na asikuambie. Ndiyo sababu naamini anaweza kumwelewa dere wa Salama haraka kuliko mtu yeyote. Na akiwa na spana mkononi, na mteja mbele yake ana mia tano tu, anaweza kuchagua kutomfanyia mwenzake kile alichofanyiwa.

Haihitaji mambo makubwa. Wako mafundi wanaofanya hivi tayari, na wateja wao huwa hawawaachi. Fundi anamaliza kazi, anafuta mikono, halafu anamwekea mwenye gari kile alichokitoa kiganjani. "Hii ndiyo thamostati yako, nimeitoa. Rejeta imeziba, ukipata pesa anza na hiyo, halafu rudi nikuwekee nyingine mpya na kulanti. Mpaka siku hiyo angalia maji kila asubuhi gari likiwa baridi, usifungue kifuniko likiwa moto, na usiende safari ya mbali. Na hita nimeifunga, usiitegemee." Dakika moja, hata haiishi.

Tena kuna njia ya kuyafanya maneno hayo yamfikie hata yule ambaye hakuwepo. Mmezoea kuona gereji zikining'iniza kikaratasi cha tarehe ya kubadilisha oili. Chukua kipande cha tepu nyeupe na kalamu ya wino mzito, ubandike ndani ya boneti, mahali pasipopata moto sana: HAKUNA THAMOSTATI. HITA IMEFUNGWA. REJETA IOSHWE. Andika na tarehe. Gari litauzwa, dere atabadilishwa, tajiri atasahau. Siku moja mtu atafungua hiyo boneti kabla ya kuanza safari ya Mombasa, atasoma, na ataamua mwenyewe kama ataenda.

Nasi tunaoleta magari tuna zamu yetu. Tukiuliza "imeisha?", tuongeze swali la pili: "umetoa nini?" Na fundi akituambia ukweli ambao hatukutaka kuusikia, kabla hatujamgeuzia mgongo kwenda kwa yule wa maneno matamu, tumlipe saa yake ya kuangalia.